Zamu ya usiku Tanzania Bara: namna ya kupanga saa, mapumziko na malipo

Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004, usiku unaanza saa 2 usiku na kuisha saa 12 asubuhi. Kila saa ambayo mtu anafanya kazi ndani ya muda huo inaongezewa angalau asilimia 5 ya mshahara wake wa msingi. Mabishano mengi kati ya mhasibu na wafanyakazi wa usiku yanahusu hiyo asilimia 5, ambayo kwa kweli ni fedha kidogo. Fedha kubwa ya zamu ya usiku imo kwenye saa za ziada, na saa za ziada zinategemea jambo moja ambalo ratiba nyingi hazilitaji kabisa: ile saa moja ya mapumziko katikati ya zamu ipo kweli, au imeandikwa tu?

Mwongozo huu unamfaa anayepanga zamu na anayepangwa. Mifano imetoka kwenye ulinzi binafsi kwa sababu huko ndiko zamu ya saa 12 ilikozoeleka, ila hesabu ni hiyo hiyo kwa kiwanda, hoteli, kituo cha mafuta au hospitali binafsi. Zanzibar ina Sheria yake ya Ajira, Na. 11 ya 2005, kwa hiyo yaliyomo humu yasipelekwe kule. Sheria ya Bara nayo haiwagusi wanajeshi, polisi, magereza na JKT. Wanaosimamia wenzao kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu hawamo katika sehemu ya saa za kazi. Angalizo: kumpa mlinzi cheo cha "supavaiza" bila madaraka yoyote hakumtoi kwenye kinga hiyo.

Hatua ya 1: Andika saa ambazo hazina utata

Kiswahili kinahesabu saa kuanzia mapambazuko, lakini mikataba mingi inaandikwa kwa saa za kompyuta. Matokeo yake mkataba unasema "2:00 usiku" na msimamizi anausoma kama saa nane za usiku. Andika zote mbili: "saa 2 usiku (20:00)" na "saa 12 asubuhi (06:00)". Usiache moja peke yake.

Tarehe ni tatizo kubwa zaidi. Ukiandika "usiku wa Jumapili", mtu wa Pwani anaweza kuelewa usiku wa kuamkia Jumapili, yaani Jumamosi jioni, na mwingine akaja Jumapili jioni. Lindo linabaki wazi na aliyelala nyumbani anakatwa siku. Ratiba iandike jioni ya kuingia na asubuhi ya kutoka: "Ingia Jumamosi tarehe 6 saa 12 jioni, toka Jumapili tarehe 7 saa 12 asubuhi." Ni maneno mengi kwa kisanduku kidogo cha ratiba, lakini utakapofika kwenye sikukuu utaona kazi yake.

Hatua ya 2: Ondoa kwanza wasioruhusiwa

Kabla ya kujaza majina, kagua orodha. Mwenye umri chini ya miaka 18 hapangwi usiku. Mjamzito hapangwi katika miezi 2 kabla ya tarehe ya kujifungua anayotarajia, na hata mapema zaidi akileta cheti cha daktari kwamba kazi ya usiku haimfai tena. Mama aliyejifungua hapangwi kwa miezi 2 baada ya kujifungua, isipokuwa aombe mwenyewe kurudi na alete cheti kuonyesha kwamba afya yake na ya mtoto haitadhurika. Muda huo ukipita, bado anaweza kuondolewa usiku kwa cheti kwamba yeye au mtoto hajawa sawa.

Mfanyakazi mwingine yeyote ambaye daktari amethibitisha kwamba hafai kwa kazi ya usiku naye anatolewa, na mwajiri anatakiwa amhamishie mchana isipokuwa haiwezekani kwa namna yoyote ile. Cheti kinatoka kwa daktari aliyesajiliwa, au mhudumu mwingine wa tiba anayekubalika kwa mwajiri, na mwajiri hawezi kumkataa bila sababu ya msingi. Kinachoharibika hapa mara nyingi ni njia ya cheti: kinakabidhiwa kwa mkono getini, supavaiza anakitia mfukoni, ofisi haikioni. Toa nakala, mpokeaji asaini na kuandika tarehe kwenye nakala yako.

Hatua ya 3: Jua mipaka minne

Saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku, 45 kwa wiki, ndani ya siku 6. Ukijumlisha na za ziada, mtu asifanye kazi zaidi ya saa 12 kwa siku. Saa za ziada zenyewe zisizidi 50 katika kila wiki nne, na ziwe kwa makubaliano. Kati ya kumaliza zamu moja na kuanza nyingine pawe na saa 12 mfululizo za kupumzika, na kila wiki pawe na saa 24 mfululizo.

"Siku" katika sheria hii ni saa 24 zinazohesabiwa tangu muda ambao mfanyakazi huanza kazi kwa kawaida. Anayeingia saa 12 jioni, siku yake inaishia saa 12 jioni ya kesho yake. Kwa hiyo hoja ya kwamba "saa sita usiku siku imebadilika, tunaanza kuhesabu upya zile saa 12" haina mashiko.

Zamu ya saa 12 kamili inavunja mipaka miwili kwa kosa moja dogo. Chukua mlinzi aliyeingia saa 12 jioni. Mwenzake anayempokea anafika saa 12 na dakika 25 asubuhi, wanahesabu funguo, wanasaini kitabu cha matukio, anaondoka saa 12:40. Kama hakupumzika usiku, amezidisha saa 12 za kazi. Na kama anatakiwa langoni tena saa 12 jioni, mapumziko yake ni saa 11 na dakika 20 badala ya saa 12. Mwenzio kuchelewa daladala si dharura iliyo nje ya uwezo wa mwajiri. Sheria inalegeza mipaka kwa dharura ya kweli, mfano wa moto au mafuriko. Dawa ni kupanga zamu ya saa 11 na nusu na kuacha nusu saa kwa makabidhiano.

Kwenye zamu zinazozunguka, kosa huwa siku ya kugeuza. Muuguzi anatoka usiku saa 1 asubuhi na ratiba inamrudisha saa 8 mchana siku hiyo hiyo. Hizo ni saa 7 za mapumziko. Kuna makubaliano ya maandishi yanayoweza kushusha saa 12 hadi 8, lakini ni kwa anayeishi eneo la kazi, au ambaye zamu yake inakatwa katikati kwa angalau saa 3. Muuguzi huyu hayumo. Geuza zamu kwa kumpa siku nzima katikati.

Hatua ya 4: Amua mapumziko kabla ya kupanga idadi ya usiku

Anayefanya kazi mfululizo zaidi ya saa 5 anastahili mapumziko ya angalau dakika 60. Mwajiri halazimiki kuyalipia, isipokuwa kama mfanyakazi anatakiwa kufanya kazi au kuwa tayari kwa kazi wakati huo.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo inayogawa walinzi makundi mawili.

Kundi la kwanza lina mtu wa kuwapokea. Kiwandani kuna walinzi watatu, mmoja anakwenda kula na kunyoosha mgongo, redio anamwachia mwenzake. Amepumzika kweli. Akiingia saa 12 jioni na kutoka saa 12 asubuhi, amefanya kazi saa 11: saa 9 za kawaida na 2 za ziada. Usiku 5 kwa wiki ni saa 45 za kawaida na 10 za ziada. Wiki nne ni usiku 20 na saa 40 za ziada, chini ya 50. Ukimwongezea usiku wa sita katika wiki mojawapo, saa zake zote 11 ni za ziada maana 45 zimeshajaa, na jumla inafika 51. Umevuka mpaka kwa saa moja.

Kundi la pili ni mlinzi aliye peke yake getini. Anakula huku macho yako barabarani. Gari likipiga honi anaacha sahani na kufungua. Huyo hajapumzika, na saa hiyo ni ya kulipwa. Zamu yake ni saa 12: 9 za kawaida na 3 za ziada. Gawa 50 kwa 3, unapata usiku 16 na mabaki. Kwa hiyo mlinzi wa peke yake hapangwi zaidi ya usiku 16 katika wiki nne, yaani 4 kwa wiki. Ukimpanga 5 kwa wiki, saa za ziada zinakuwa 60.

Ratiba ya usiku 6 kwa wiki kwa saa 12, iliyozoeleka mno mitaani, haipiti kwa kundi lolote kati ya haya mawili, hata mfanyakazi akisaini kwamba amekubali. Anayetaka kulinda lindo moja usiku saba kwa wiki kwa mlinzi wa peke yake asitegemee walinzi wawili tu: wawili mara usiku 4 ni usiku 8, inaonekana inatosha, mpaka mmoja augue au aende likizo. Weka mtu wa akiba anayezunguka kati ya malindo mawili au matatu.

Kuna njia nyingine: wiki iliyobanwa. Kwa makubaliano ya maandishi, mfanyakazi anaweza kufanya hadi saa 12 kwa siku, pamoja na muda wa kula, bila kuhesabiwa saa za ziada, mradi isizidi siku 5 kwa wiki, saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa 10 za ziada kwa wiki. Usiku 4 wa saa 11 ni saa 44, hakuna ziada. Mwajiri anaokoa fedha, mfanyakazi anapata usiku 3 wa kulala kwake. Lakini makubaliano hayo yawe ya maandishi kabla ya ratiba kuanza. Kuyaandaa baada ya madai kufika ni kuchelewa.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya usiku mmoja

Anza na mshahara wa msingi wa saa. Jedwali la sheria linataka mshahara wa mwezi ugawanywe kwa 4.333 kupata wa wiki, kisha kwa saa za kawaida za wiki. Kwa saa 45, ni sawa na kugawa kwa 195. Mwenye msingi wa shilingi 390,000 anapata shilingi 2,000 kwa saa. Wapo wahasibu wanaogawa kwa siku 30 kisha kwa saa 12. Njia hiyo inatoa shilingi 1,083, na kila kitu kinachofuata kinakuwa karibu nusu.

Mlinzi wa kundi la kwanza, mapumziko yake saa 6 hadi saa 7 usiku:

Saa 12 jioni hadi saa 2 usiku: saa 2 za kawaida, bado si usiku kisheria, hakuna nyongeza.
Saa 2 hadi saa 6 usiku, na saa 7 hadi saa 10 alfajiri: saa 7 za kawaida za usiku. Asilimia 5 ya 2,000 ni 100. Mara 7 ni 700.
Saa 10 alfajiri hadi saa 12 asubuhi: saa 2 za ziada kwa mara moja na nusu, 3,000 kila moja, jumla 6,000. Nyongeza ya usiku hapa inapigwa kwenye kiwango cha ziada: 150 mara 2 ni 300.

Juu ya mshahara wa mwezi, usiku huo una shilingi 7,000. Angalia mgawanyo wake: nyongeza ya usiku ni 1,000 tu, saa za ziada ni 6,000. Kwa usiku 20 ni 140,000. Mwajiri anayelipa "posho ya usiku" ya 30,000 kwa mwezi amelipa zaidi ya 20,000 za asilimia 5, na anaweza kudhani amemaliza, kumbe 120,000 za saa za ziada hazijaguswa.

Mlinzi wa peke yake, bila makubaliano ya wiki iliyobanwa: saa 7 za kawaida za usiku ni 700, saa 3 za ziada ni 9,000, na nyongeza ya usiku juu yake 450. Jumla 10,150 kwa usiku, 162,400 kwa usiku 16.

Tahadhari mbili. Kwanza, "mshahara wa msingi" hauhusishi posho, ovataimu, wala malipo ya sikukuu. Mwajiri akikata mshahara wa 390,000 kuwa msingi 200,000 na "posho" 190,000, viwango vyote vya saa vinashuka kwa karibu nusu. Ndiyo sababu ya kusoma kiasi cha msingi kabla ya kusaini, na kukilinganisha na kima cha chini cha sekta yako kwenye Amri ya Kima cha Chini cha Mshahara inayotumika sasa. Pili, mwezi una zaidi ya wiki nne. Lipa kwa usiku uliofanyika kweli kwenye kitabu cha mahudhurio, usinakili hesabu ya mwezi uliopita.

Usafiri wa saa 12 asubuhi na chai ya usiku havimo katika kifungu cha 20 kinachohusu kazi ya usiku. Kama vipo, vitakuwa kwenye mkataba, mkataba wa hali bora (makubaliano ya chama cha wafanyakazi na mwajiri) au amri ya mishahara ya sekta. Tafuta huko kabla ya kudai.

Hatua ya 6: Siku ya mapumziko na sikukuu

Mapumziko ya wiki si lazima yawe Jumapili. Lakini kutoka Jumapili saa 12 asubuhi na kurudi Jumapili saa 12 jioni si "off", huo ni usingizi wa kati ya zamu. Ruka usiku mzima: atoke Jumapili asubuhi, arudi Jumatatu jioni, saa 36, zikijumuisha mapumziko ya siku na ya wiki. Akikubali kufanya kazi siku yake ya mapumziko, kila saa ni mara mbili ya mshahara wa msingi wa saa.

Sikukuu ya kitaifa nayo ni mara mbili kwa kila saa iliyofanywa siku hiyo. Kwa zamu ya usiku swali ni: siku ipi? Chukua Uhuru, Desemba 9. Anayeingia Desemba 8 saa 12 jioni anakuwa kazini saa 6 za sikukuu kwa kalenda, kuanzia saa 6 usiku. Anayeingia Desemba 9 jioni naye ana saa 6 za sikukuu, kisha kalenda inahamia Desemba 10. Mwingine atasoma ile tafsiri ya siku ya saa 24 tangu kuanza kazi na kusema zamu yote ya Desemba 9 ni ya sikukuu, na ya Desemba 8 si ya sikukuu kabisa. Ushauri wetu ni kuhesabu kwa kalenda, saa kwa saa, na kuiandika kanuni hiyo kwenye mkataba, kwa sababu inawalipa wote wawili waliokosa usingizi wa sikukuu na haimpendelei mmoja. Kwa mshahara wa mfano wetu, saa ya sikukuu ni 4,000, na ikiwa ni ya usiku inaongezwa 100. Mkataba useme pia kama 4,000 yote inalipwa juu ya mshahara wa mwezi au 2,000 imeshahesabiwa ndani yake. Hapo ndipo makarani wengi wanapogongana na wafanyakazi.

Krismasi na siku inayofuata, Desemba 25 na 26, zinafuatana, kwa hiyo zamu ya usiku kati yake ina saa zote za sikukuu. Idd inategemea mwezi kuandama. Ratiba ya wiki hiyo iandaliwe kwa penseli.

Hatua ya 7: Likizo na kuugua

Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo, na sikukuu inayoangukia ndani yake imo humo humo. Kosa la zamu ya usiku ni siku ya kuanza. Mtu anayetoka lindo tarehe 1 asubuhi, na likizo yake imeandikwa kuanza tarehe 1, amechangia saa 6 za likizo kazini. Zamu yake ya mwisho iwe ile inayoisha asubuhi ya kabla ya siku ya kwanza ya likizo. Malipo ya likizo yalipwe kabla hajaondoka.

Kuugua: siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu, kwa cheti cha daktari. Uzazi ni siku 84 zenye malipo, au 100 kwa mama aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa wakati mmoja. Anayenyonyesha anapewa hadi saa 2 kwa siku ya kazi za kumnyonyesha mtoto.

Hatua ya 8: Kumbukumbu, kisha madai

Mfanyakazi awe na daftari lake. Kila asubuhi aandike tarehe ya kuingia na kutoka, dakika halisi, kama alipumzika na nani alimshikia lindo, na jina la aliyempokea. Apige picha ukurasa wa kitabu cha matukio wenye saini yake, kwa sababu kitabu kikijaa kinakwenda ofisini na hakirudi. Stakabadhi ya mshahara itenganishe msingi, saa za ziada, nyongeza ya usiku na sikukuu. Mstari mmoja wa "posho" hauwezi kukaguliwa na mtu yeyote.

Mwajiri naye atunze maelezo ya maandishi ya ajira kwa miaka 5 baada ya ajira kuisha. Kukitokea mzozo kuhusu sharti la ajira na hana maandishi, mzigo wa kuthibitisha ni wake.

Ukigundua pungufu, peleka barua yenye jedwali la tarehe na saa kwa mwajiri, bakiza nakala iliyosainiwa. Kama kuna tawi la chama cha wafanyakazi, wapitie hao kwanza. Wana uzoefu wa ratiba. Afisa kazi wa wilaya au mkoa ana mamlaka ya kukagua eneo la kazi na kutoa amri ya utekelezaji, na hiyo mara nyingi inatosha pale tatizo ni la ratiba nzima na si la mtu mmoja.

Zaidi ya hapo ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi huiita CMA. Unajaza fomu namba 1, unampatia mwajiri nakala na kupata uthibitisho kwamba ameipokea, kisha unaiwasilisha Tume. Kwa madai ya malipo muda ni siku 60 tangu mgogoro ulipotokea. Kwa kuachishwa kazi ni siku 30 tu. Wengi wanapoteza hapa: wanavumilia ovataimu ya miaka miwili, wakiachishwa wanakimbilia Tume na madai yote kwa pamoja, na sehemu kubwa imeshapitwa na muda. Mshahara wa kila mwezi ukiingia ukiwa pungufu, siku 60 za mwezi huo zinaanza kuhesabiwa hapo.